Sufuria ya Harusi ya Asmani

Haya, tegueni hiki kwanza. Mama mkwe wa mtaa mzima, tumbo kubwa, masikio mawili na hasikii, kila bi harusi anamhitaji na hakuna hata mmoja anayemwogopa. Ni nani?

Mtoto yeyote wa mtaa wa Waswahili wa Rumonge, kando ya ziwa Tanganyika, angekujibu kabla hujafunga mdomo. Ni sufuria ya chama. Na ndivyo walivyoiita, Mama Mkwe. Kina mama waliinunua mwaka wa Uhuru, ikavuka ziwa kutoka Kigoma juu ya magunia ya chumvi, na siku bendera ilipopandishwa ndiyo iliyopika pilau ya wageni walioshuka kutoka kila kilima. Ikiwa tupu, inataka wanawake wanne wenye nguvu. Ikijaa haibebwi tena. Inajengewa jiko pale pale ilipo.

Chama kilikuwa na kazi mbili tu, harusi na matanga. Ukiozesha, wanakuja kupika. Ukifiwa, wanakuja kupika na kulia pamoja nawe. Sheria zake zilikuwa chache, lakini ole wako uzichezee. Sheria ya kwanza ni kwamba Mama Mkwe haonji mawese. Mawese ni ya nyumbani, ya majani ya sombe na maharage. Sufuria ikishachemsha mawese, rangi haitoki, harufu haitoki, na pilau yake wageni wataijua kwa pua kabla hawajaingia uani. Sheria ya pili ni kufunga. Mama wa bwana harusi huja na kitambaa cheupe, akakifunga kwenye sikio la sufuria. Tangu saa hiyo sufuria ni ya harusi ile, na hata afe mtu mkubwa namna gani, watatafuta chombo kingine. Aliyefunga ndiye anayefungua, siku ya harusi, mbele ya watu na vigelegele. Kukifungua kabla ya siku hiyo ni kuivunja ndoa kwa mikono yako.

Mwaka wa 1972, mwezi wa nne, aliyefunga alikuwa Aziza, presidante wa chama mwenyewe. Alifunga kwa ajili ya mwanawe wa pekee, Asmani, aliyekuwa akifundisha watoto wa darasa la kwanza, na bi harusi alikuwa Mariyamu, binti yatima aliyelelewa na mjomba wake nyumba ya pili.

Harusi haikufika. Mwisho wa mwezi ule walikuja watu na mapanga, wakaua. Nyuma yao wakaja askari kuwatafuta watu wa mapanga, wakachukua hata wale ambao maisha yao yote walishika chaki. Asmani aliitwa pamoja na wenzake, wakaambiwa wanaulizwa kidogo tu. Alivaa shati lake la pasi. Kamyo ya askari ikawapakia, ikashika njia, na tangu siku hiyo hakuna aliyerudi, wala hata kiatu.

Waliobaki na mtumbwi walivuka, Kongo au Kigoma, na masufuria mawili madogo ya chama yalivuka nao. Waliobaki na miguu tu walibaki. Nao walikuwa karibu wote wanawake.

Kisha likaja tangazo. Watu zaidi ya watano wasikae pamoja, ila wakiwa kazini. Na waliochukuliwa wasililiwe. Sikieni hilo vizuri. Wasililiwe! Mwanamke haruhusiwi kukaa eda, maana eda ya nani, na maiti iko wapi? Haruhusiwi pia kusema mume wangu yuko hai, maana atamuuliza nani? Wake wa mtaa mzima wakaning'inia hapo katikati, si wajane, si wake. Na chama chenye kazi mbili kikajikuta hakina hata moja.

Mama Mkwe alikaa chini ya ukingo wa paa la Aziza, amefungwa kitambaa chake. Kila asubuhi Mariyamu alikuja akamsugua kwa majivu na mchanga wa ziwani mpaka anang'aa. Hakuna aliyemwambia aache. Aziza alikuwa akimtazama kutoka mlangoni na kujisemea moyoni kwamba maadamu sufuria inang'aa, Asmani yuko mahali fulani anatembea.

*

Kiangazi kilipoingia, njaa nayo ikaingia. Wanaume walioingia ziwani usiku na taa kuvua ndagala hawakuwapo. Mihogo iliyokuwa karibu ilikwisha. Juu kwenye kilima cha Kizuka michikichi ilikuwa imeiva na mikungu inaanguka yenyewe, inaoza chini, kwa sababu wakataji na wachemshaji walikuwa kwenye kamyo zile zile, na mapipa yao ya kuchemshia yalikuwa yamebebwa na asiyejulikana.

Siku moja Kadidja, kesiye wa chama, mshika pesa zake, mwanamke mwembamba mwenye ulimi wa moto, aliingia uani kwa Aziza akimvuta mgeni kwa mkono.

"Amahoro, presidante. Nimekuletea mtu. Unamkumbuka?"

Aziza alimtazama mgeni: mama wa makamo, mfupi, kitenge kimefifia, msalaba mdogo shingoni. "Simkumbuki."

"Bora! Yule monitrisi wa foyeri sosiali, mwalimu wa kina mama! Aliyekuja baada ya Uhuru kutufundisha kufuma sweta!"

Hapo Aziza alicheka, kicheko kifupi, cha kwanza tangu kamyo. Nani angesahau? Sweta za sufi, pembeni ya ziwa Tanganyika, ambako hata mbuzi wanatafuta kivuli. Kina mama walifuma kwa heshima, na sweta zikaishia kushikia masikio ya Mama Mkwe akiwa na moto.

"Zilishika vizuri," alisema Aziza.

"Nimesikia," alijibu Bora, naye akitabasamu kidogo. "Niliwaletea jibu, na sikuwa nimewauliza swali. Safari hii sina sufi, mama Asmani. Nimetoka Nyanza-Lac kwa miguu. Kituo chetu kimefungwa, na wa kwangu nao wamechukuliwa. Kadidja ananiambia chama kinakufa."

"Chama hakifi. Kinasubiri."

"Kinasubiri nini?"

Mariyamu, aliyekuwa ameinama kwenye sufuria, alisugua kwa nguvu zaidi.

"Mwache huyu akae na sisi kidogo," alisema Kadidja. "Anajua kukalisha watu na kuwatoa maneno. Mimi maneno ninayo, lakini yanatoka yote mara moja."

"Hilo tunajua," alisema Aziza. "Na wewe, Bora, utatuambia tufanye nini?"

"Sitawaambia. Mimi nitatega. Ninyi mtategua."

*

Ilibidi wakae watano watano. Watano asubuhi, watano alasiri, na kila mmoja na ungo wa maharage mapajani, ili anayepita aone kazi. Bora alitandika mkeka uani kwa Kadidja, pembeni akamwaga majivu yaliyochekechwa, akayasawazisha kwa kiganja.

"Kila mtu alete kitu kimoja alichobaki nacho," alisema. "Chochote. Kiweke mkekani. Kisha atuambie anachojua kufanya ambacho hakuna aliyeweza kumnyang'anya."

Kadidja aliweka mchi. "Nina mchi, na najua kutwanga na kutukana."

Mwingine akaweka kapu la kubebea mizigo mgongoni. Mwingine akaweka kung'uto la kuchujia. Mwavita, aliyeolewa mtaani kutoka upande wa Uvira na sasa amebaki na kichanga mgongoni kisicholia tena kwa nguvu, alikaa mikono mitupu.

"Mimi sina kitu, dada Bora."

"Hata kimoja?"

"Iko michikichi ya mume wangu kule Kizuka. Siwezi kuing'oa nikuletee."

"Basi ichore."

Mwavita akachora kwenye majivu kwa kidole, mti mmoja, mti wa pili, mikungu. Kichanga kikatazama kidole kile kana kwamba kinachora chakula.

Watano wale waliondoka na kuacha vitu vyao pale pale. Watano wa alasiri walivikuta, wakaviuliza ni vya nani, wakasogeza hiki, wakaongeza kile. Mmoja alijua wanawake wa milimani wanaoshuka sokoni na mihogo mikavu na kulia kwamba mboga zao hazina mafuta. Mmoja alikuwa na kuni. Asubuhi iliyofuata watano wa kwanza wakaja wakakuta mkeka umebadilika, wakabishana na watu ambao hawakuwapo. Bora alikuwa akiuliza tu. Hiki kinafuata nini? Kabla ya hiki kunahitajika nini? Nani hapa amewahi kukifanya? Akitaka kusema zaidi, anauma mdomo. Kadidja alimwona na akamcheka.

"Monitrisi, meza, meza, usije ukatema sweta!"

Hawakupatia mara moja. Jaribio lao la kwanza lilikuwa uji wa watoto, na unga ukaisha kabla mstari haujafika katikati. Jaribio la pili lilikuwa mawese. Walipanda Kizuka watano na makapu, wakaokota chikichi zilizoanguka, wakazigawa kuchemsha kila mtu kwa kisufuria chake cha nyumbani. Kazi ya kutwa nzima, kuni za wiki, na mafuta yaliyotoka hayakujaza bakuli. Nusu ya chikichi hazikuiva, zikakataa kutwangika.

"Chikichi inataka chombo kikubwa," alisema mwanamke mmoja mzee ambaye mumewe alikuwa mchemshaji. "Ichemke pamoja, ijifunike, ilale kwenye mvuke. Kisufuria hakiwezi."

Macho yakageukia upande wa nyumba ya Aziza.

Bora alimwita Aziza aje aone mkeka. Aziza alikuja na heshima yake ya presidante, akasimama juu yake. Kapu la kuokotea upande huu. Michikichi kwenye majivu. Kuni. Mchi na kinu. Kung'uto. Kibuyu cha kutilia mafuta. Rundo dogo la mihogo ya milimani. Vimepangwa kwa duara, kimoja kikimfuata mwenzake, na kati ya kuni na kinu pameachwa nafasi tupu, mviringo, kubwa kuliko kitu chochote mkekani. Hakuna aliyethubutu kuweka kitu pale.

Aziza alielewa mara moja. Uso wake ukafunga.

"Sufuria imefungwa," alisema.

"Tunajua, dada," alisema mmoja.

"Nani amepanga hivi?"

"Sote," alijibu Kadidja. "Watano wa asubuhi na watano wa alasiri. Hakuna wa kumshika shati."

"Sheria ya chama..."

"Sheria ya chama ni ya kupika harusi! Iko harusi gani hapa, mama Asmani? Sufuria imefungwa kwa harusi ya nani? Bwana harusi yuko wapi, mwite aje tumwone!"

Ilitoka, na Kadidja mwenyewe akaishika midomo yake. Wote walitazama chini. Aziza akageuka akaenda. Jioni ile aliwaita majirani watatu na Mariyamu, wakambeba Mama Mkwe wakamwingiza kwenye chumba cha Asmani, akafunga mlango kwa kufuli na ufunguo akautia kifuani.

*

Bora alimfuata siku iliyofuata, akamkuta akichambua majani ya muhogo yasiyotosha hata kwa mtu mmoja. Akakaa chini bila kukaribishwa, akachukua nusu ya majani, akaanza kuchambua.

"Unapenda vitendawili, nimesikia," alisema baadaye.

"Zamani."

"Kitendawili."

Aziza aliendelea kuchambua, lakini mtu aliyelelewa na vitendawili hawezi kuliacha neno lile likae peke yake. "Tega," alisema.

"Kitambaa chako kimefunga sikio moja la sufuria. Kimefunga na nini kingine?"

Aziza alichambua jani moja, na la pili. Mtu akishindwa, kwa desturi, humpa mtegaji mji, na mtegaji akishaupokea mji husema jibu.

"Nakupa mji," alisema kwa sauti ndogo. "Chukua Kigoma."

Kwa nini Kigoma? Ni huko alikokuwa anamweka Asmani usiku, anamvusha kwa mtumbwi, anamtafutia chumba, anampa kazi ya kufundisha watoto wa watu. Bora aliona yote hayo usoni mwake.

"Siuchukui, mama. Kaa nao mji wako."

"Ukitega lazima uchukue. Sema jibu."

"Sina jibu."

"Umetega kitu usichokijua?" Aziza alimtupia majani mapajani. "Ni mchezo gani huu? Umetoka Nyanza-Lac kwa miguu kuja kunitesa! Niambie fungua, nikukatalie. Niambie usifungue, nikushukuru. Sema neno moja uende!"

"Nikisema, litakuwa neno langu. Ukifungua kwa neno langu, utanichukia mpaka kaburini, na kesho hutaweza kufanya kazi pale. Sitaki unipende. Nataka kesho uweze."

"Toka uani kwangu."

Bora alitoka. Alipofika njiani alishika mti, akainama, akatapika maji matupu. Tangu juzi yeye naye alikuwa hajala, wala hakuwa amemwambia mtu.

*

Kichanga cha Mwavita kilikufa alfajiri ya Ijumaa. Hakikuugua chochote cha kutajika. Maziwa ya mama yalikauka, na kikazima kama kibatari.

Na huyu alikuwa na maiti. Huyu hakuchukuliwa na kamyo, alikufia kwenye mkeka wa mama yake, na hakuna tangazo lililomkataza mtu kumlilia. Wazee wawili waliobaki walikizika kabla ya sala ya mchana. Wanawake wakaja kwa zamu, watano wakiingia, watano wakitoka, na kila walioingia walilia. Walilia namna gani? Mwavita mwenyewe aliinua kichwa akashangaa. Mtoto mdogo hivyo, aliyeishi mvua moja tu, analiliwa kwa sauti za kuliliwa watu wazima. Kadidja, ambaye hakuna aliyewahi kuona chozi lake, alilala kifudifudi akaupiga udongo kwa kiganja na kusema, "Baba watoto, baba watoto," na walio karibu wakakohoa kwa nguvu kumfunika.

Aziza alikuja na watano wa mwisho. Alilia naye, lakini kidogo, huku akijizuia, kama mtu anayekunywa maji ya mwenzake. Kisha ikafika saa. Kila mtu aliijua saa ile. Ni saa ambayo chama husimama, presidante huita majina, moto huwashwa, na waliofiwa hawashiki chochote mpaka wamelishwa. Mwavita alikaa ukutani akimtazama. Hakuwa anadai. Alikuwa anangoja tu, kama anavyongoja yeyote aliyezoea.

Aziza alisimama. Akafungua mdomo kuita majina. Akaona kwamba hakuna cha kuitia watu. Hakuna unga, hakuna mafuta, hakuna hata sufuria, maana ufunguo ulikuwa umelala kifuani pake, wa moto kwa jasho lake.

"Pole, Mwavita," alisema. "Pole sana, mwanangu."

"Murakoze, mama," alijibu Mwavita.

Tangu Uhuru, hayo yalikuwa matanga ya kwanza ambayo chama kiliyaacha na njaa.

*

Alirudi nyumbani akamkuta Mariyamu ameketi mbele ya mlango wa Asmani, kitambaa cha kusugulia mkononi. Tangu sufuria ifungiwe, msichana alikuwa hana cha kusugua, lakini asubuhi alikuja bado.

"Sogea, mwanangu."

Mariyamu aliona ufunguo mkononi mwa Aziza. Akasimama, akautandaza mwili wake mlangoni, mwili wenyewe umekonda mpaka kanga inamzunguka mara mbili.

"Usifungue, mama."

"Mtoto wa Mwavita amekufa."

"Najua. Nilikuwa kule. Usifungue." Sauti yake ilipanda. "Kina Kadidja ni wake za watu. Hata wasipoambiwa wajane, kila mtu anajua walikuwa na waume. Mimi nina nini? Nina kile kitambaa tu! Wewe ukikifungua, mjomba atasema ndoa imevunjika na atanipa kwa mtu mwingine. Sitakuwa mkwe wa nyumba hii, sitakuwa mjane wa mtu, sitaruhusiwa kulia hata kwa siri. Nitakuwa nani, mama? Niambie, nitakuwa nani?"

Aziza alikuwa mtu wa majibu maisha yake yote. Presidante bila majibu ni nani? Alitamani amwambie Asmani atarudi. Alitamani amwambie hatarudi, nenda ukaolewe. Yote mawili yalikuwa ulimini, na yote mawili yalikuwa uongo, kwa sababu hakuna alilolijua.

"Sijui," alisema. "Wallahi, Mariyamu, sijui."

Msichana akamtazama kama aliyepigwa. Kisha akateleza na mlango mpaka akakaa chini. Aziza alikaa kando yake. Walikaa hivyo mpaka kivuli cha paa kilipowafikia. Msichana alikuwa mwepesi ubavuni pake, mifupa mitupu, na Aziza akawaza kwamba ikiwa Asmani yuko Kigoma na akirudi, atauliza swali moja la kwanza. Atauliza Mariyamu yuko wapi. Hataulizia sufuria.

Aliinuka akamruka msichana taratibu, akafungua kufuli.

*

Wanawake watano walimtoa Mama Mkwe wakamweka uani kwa Kadidja, penye mafiga waliyoyajenga kwa mawe ya ziwani. Fundo la kitambaa lilikuwa limekazwa na umande na jua la miezi ile. Vidole vya Aziza vilishindwa. Akapiga magoti, akalishika kwa meno. Hakuna aliyepiga kigelegele. Kadidja aligeuza uso, na Bora, aliyekuwa amesimama mlangoni kama asiyejua kama amekaribishwa, aliinamisha kichwa.

Fundo likaachia. Aziza alitema uzi mmoja, akakitia kitambaa chini ya ukosi wa nguo yake.

"Nani ana kuni?" aliuliza.

"Mimi."

"Nani alisema mvuke ulale?"

"Mimi, dada. Tufunike na majani ya mgomba, halafu magunia."

"Sawa. Nifundisheni, mimi sijawahi."

Chikichi walizookota upya Kizuka zikamiminwa kapu baada ya kapu, nyekundu, zinagonga chuma kwa sauti ambayo Mama Mkwe hakuwahi kuitoa. Maji yakatiwa. Moto ukashika. Harufu ilipopanda, nzito, tamu, ikaingia kwenye nguo na nywele, Aziza alifumba macho.

Mariyamu alikuwa amekuja nyuma yao. Hakusaidia kubeba. Chikichi zilipoiva na kumwagwa kinuni, alikuwa bado amesimama pale pale, mikono imening'inia.

"Shika mchi," alisema Aziza.

"Mimi ni nani hapa?"

"Nimekwambia sijui. Shika mchi, mwanangu. Mjomba wako akija, atatukuta tunatwanga sote wawili, na hapo tutajua pamoja la kumwambia."

Ilichukua muda. Kisha msichana akaushika mchi, akauinua kwa shida, akauacha ushuke.

Mafuta ya siku ile yalijaza vibuyu, na wanawake wa milimani wakatoa mihogo kwa mikono miwili. Sahani ya kwanza ya ugali, na mboga ikiwa imekolea mawese, ilipelekwa kwa Mwavita. Alikula akigeukia ukuta. Waliokula jioni ile waliinamia sahani zao. Ni aibu kushiba wakati kama ule, na bado mdomo unatafuna.

Bora alikuwa anakwenda Gatete, ambako kulikuwa na kina mama wengine na chama kingine kisichojua kifanye nini. Aliagana na kila mmoja. Aziza alimtilia mawese kwenye chupa, akaifunga kwa jani, akamwekea mkononi, akageuka.

Aziza alikuwa ameshika konzi ya majivu na mchanga. Alikuwa ameinama ndani ya Mama Mkwe mpaka mabegani, anasugua. Alisugua chini, akasugua ubavu, akamwaga maji, akatazama. Rangi ya manjano ilikuwa pale pale, imeingia kwenye chuma kama iliyozaliwa nacho. Akachukua mchanga mwingine.

Kadidja alikuja akasimama nyuma yake, mikono kiunoni, na kwa mara ya kwanza ulimi wake ulikuwa mpole.

"Acha, dada. Haitoki. Na kesho tunachemsha tena."

"Najua," alisema Aziza, sauti yake ikitokea ndani ya sufuria. "Nasugua tu."